Mali ya Abdulla: chapa tuliyoipata kwa dada



Kwetu sisi wadogo wawili hatukuwahi kuchagua khanga. Aliyechagua ni dada mkubwa. Akirudi Darajani hukunjua doti, na kabla hajatazama mji wala kusoma jina, macho yake huenda ukingoni kwenye yale maandishi madogo: K.H.E. Mali ya Abdulla. Akiyaona, uso hukunjuka. Asipoyaona, husema hiyo ya kupigia deki. Sisi hata kusoma tulikuwa hatujui, lakini umbo la yale maneno tulilijua. Leo tuna duka letu na vyerehani viwili, na jicho bado linakwenda ukingoni lenyewe.

Basi huyo Abdulla ni nani?

Kabla ya khanga, wanawake wa pwani walivaa merikani, kitambaa cha pamba kilicholetwa na merikebu kutoka Massachusetts, Marekani. Kikitiwa rangi ya nili kinakuwa kaniki, na kaniki ilikuwa vazi la watumwa na mafukara. Katikati ya karne ya 19 wanawake wakaanza kununua leso za rangi zilizouzwa zikiwa bado hazijakatwa moja moja. Walichukua sita, wakazikata tatu tatu, wakaziunga juu na chini kupata nguo moja. Sisi mafundi tukisikia hivyo tunawavulia ushungi: mshono mrefu vile, kwa sindano ya mkono! Wafanyabiashara walipoona kinachotakiwa, wakaagiza nguo nzima iliyochapwa tayari. Utumwa ulipofutwa kisheria hapa Unguja mwaka 1897, wengi waliotoka katika kaniki waliikimbilia khanga. Kwao haikuwa urembo tu. Ilikuwa ni kusema mimi nami ni mtu.

Huko Mombasa, Kaderdina Hajee Essak alikuwa ameshafungua biashara yake mwaka 1887. Watu walimwita Abdulla. Khanga zilichapwa ng'ambo, zikaja kwa marobota, na ua likipendwa kwa huyu, kesho liko kwa jirani. Abdulla akatia alama yake: herufi tatu za jina lake, na kwamba hii ni mali yake. Ndiye pia anayetajwa kuwa alianzisha kuandika misemo ya Kiswahili kwenye khanga, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi. Misemo ndiyo inayosifiwa, lakini sisi wauza nguo tunaona lile neno dogo la ukingoni ni zito zaidi. Mtu ameweka jina lake pale: ikichuja, njoo unidai mimi.

Na hapo ndipo tulipoumia.

Dada aliolewa Mombasa, tukabaki na chapa yake. Mwaka mmoja bi harusi alituagiza kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, pamoja na gauni jeupe tulishone wenyewe. Muuzaji mmoja akatuletea robota kwa bei nzuri. Maandishi yapo, tukalipa. Hatukuloweka hata pembe moja. Siku mbili kabla ya harusi bi harusi akajaribu gauni, akajitanda kisutu juu yake. Joto la mwezi wa pili mnalijua. Alipokivua, mabega ya gauni yalikuwa mekundu. Hakupiga kelele, aliketi tu kitandani akayatazama. Tulikesha siku mbili kushona gauni jingine kwa gharama yetu, na kisutu chake tukamrudishia pesa.

Tulimpigia dada simu tukitarajia atamlaani muuzaji. Akatusikiliza, kisha akasema, "Nyinyi mlikuwa mkinitazama macho. Vidole vyangu hamkuviona?"

Tukakaa tukakumbuka. Kweli, macho yakiwa ukingoni, kidole cha shahada alikuwa amekilowesha mate, anasugua pindo kwa chini, kisha anakitazama. Halafu ananusa. Akishika nguo anaipekecha ili wanga udondoke ajue ukibaki uzi gani. Sisi tulidhani ni mazoea yake tu, kama watu wanavyopapasa nguo dukani.

Mashoga, chapa tunaipenda bado, na bi harusi akituomba Abdulla tunamtafutia. Ila sasa kwenye meza yetu kuna bakuli la maji na kitambaa cheupe. Kila doti pembe yake inaloweshwa, inaminywa humo, mteja akiona kwa macho yake. Kisutu tunakifua kwa maji ya chumvi kabla hakijatoka dukani, hata kama bibi wa mteja atalalamika kwamba khanga mpya hainukii upya.

Juzi binti yetu mdogo, ambaye hajaanza skuli, tulimkuta chini ya cherehani na doti, kidole mdomoni, anasugua pindo. Ilikuwa khanga ya mteja, tukamnyang'anya.