Hati na Mamlaka: Kiswahili cha Maandishi chini ya Ukoloni

Madhumuni ya mhadhara huu ni kuchunguza badiliko moja la enzi ya ukoloni ambalo limezoeleka mno hata halihojiwi tena, yaani kuhama kwa Kiswahili kutoka hati ya Kiarabu kwenda hati ya Kirumi. Hoja yangu ni kwamba hati ya Kirumi yenyewe haikuwa hasara. Hasara ilitokana na namna ilivyoletwa, kwani pamoja nayo yalihama mamlaka ya kuamua nani ni msomi na Kiswahili kipi ni sahihi.

Kabla ya ukoloni, pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na utamaduni wa maandishi uliokomaa. Barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa, ni ushahidi kwamba Kiswahili kilitumika katika mawasiliano ya watawala. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Hati hiyo ilitumika pia katika wosia na barua za kawaida, na watoto waliijua chuoni kwa mwalimu. Kwa sauti ambazo Kiarabu hakina, kama p, ch, g na v, baadhi ya waandishi walitumia herufi zilizoongezwa nukta au alama. Hata hivyo, hati hiyo ilikuwa na upungufu wake. Kwa kawaida haikutofautisha e na i, wala o na u. Msomaji alipaswa kuijua lugha barabara kabla ya kuisoma.

Wamisionari ndio walioieneza hati ya Kirumi. Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1870 Steere alichapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiunguja. Si wote walioudharau ujuzi wa wenyeji. Taylor, alipokuwa Mombasa, alifanya kazi na Mwalimu Sikujua kukusanya mashairi ya Muyaka, na katika tahajia yake ya Kirumi alijitahidi kuonyesha tofauti za sauti za Kimvita. Kwa mfano, paa la nyumba halina mpumuo, ilhali paa mnyama anao. Tahajia sanifu tunayoitumia leo huyaandika maneno haya mawili kwa namna moja. Kumbe hata ndani ya hati ya Kirumi palikuwa na njia nyingine, haikufuatwa.

Wajerumani, mwanzoni mwa utawala wao, waliwasiliana na maliwali na maakida kwa hati ya Kiarabu, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa tayari. Baadaye, shule za serikali, ile ya Tanga ikiwa ya mwanzo katika miaka ya 1890, ziliandaa makarani wa hati ya Kirumi. Hofu ya kisiasa ilichangia pia. Barua ya Makka iliyosambaa pwani mwaka 1908, mara tu baada ya Vita vya Maji Maji, iliwashtua watawala, nayo ilikuwa imepita mikono ya watu katika njia ambazo dola haikuzidhibiti.

Waingereza walikamilisha kazi hiyo. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930 kwa niaba ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kamati ilipitisha vitabu vya shule na kusimamia kamusi zilizotoka mwaka 1939. Katika miaka yake ya mwanzo haikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Mtu aliyeweza kunakili utenzi mzima kwa mkono wake akawa, mbele ya ofisi ya serikali, hajui kusoma; na lahaja iliyomlea Muyaka ikawa kosa katika daftari la mwanafunzi.

Wenyeji hawakunyamaza. Mwaka 1930 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Mombasa gazeti la Sahifa kwa hati ya Kiarabu, akijadili humo hali ya jamii yake chini ya utawala wa kigeni. Wengine walikitwaa chombo kipya na kukifanya chao. Shaaban Robert, karani wa serikali ya kikoloni, alikipa Kiswahili sanifu hadhi ambayo Kamati isingeweza kukipa kwa amri. Kwa hiyo haifai kusema kwamba ukoloni uliua fasihi ya Kiswahili. Ulilolifanya ni kukata daraja kati ya fasihi hiyo na wasomi wake wa baadaye.

Athari hiyo ingali nasi. Miswada mingi ya tenzi na barua imehifadhiwa London na Dar es Salaam, lakini mhitimu wa Kiswahili anaweza kupata shahada bila kuweza kusoma ukurasa wake mmoja. Anategemea nakala za Kirumi, na kila nakala ni uamuzi wa mtu mwingine kuhusu irabu, lahaja na maana. Sipendekezi kuiacha hati ya Kirumi; imeshakuwa yetu. Ninapendekeza hati ya Kiarabu ifundishwe katika kila idara ya Kiswahili kama nyenzo ya utafiti. Bila hivyo, tutaendelea kuusoma urithi wetu kwa macho ya kuazima.