Mtaalamu wa Berlin Aliyepata Hifadhi Kampala

Ngoma ya mganda inapochezwa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa, sauti inayomvuta mgeni mapema kuliko hata ya ngoma kubwa ni ile ya vibuyu. Mchezaji hapulizi kibuyu kama mtu apulizaye filimbi. Anaimba ndani yake. Kibuyu kimetobolewa tundu dogo, na tundu hilo limezibwa kwa utando mwembamba wa buibui. Utando ukitetemeka, sauti ya mwanadamu inageuka kuwa kama tarumbeta ya jeshini.

Mwaka 1914 wataalamu wawili wa Berlin, Erich von Hornbostel na Curt Sachs, walichapisha mpangilio wa ala zote za muziki duniani ambao makumbusho mengi yanautumia mpaka leo. Waligawa ala katika makundi manne: zinazolia kwa mwili wake zenyewe, kama marimba na njuga, zinazolia kwa ngozi au utando uliowambwa, zenye nyuzi, na zinazolia kwa upepo. Mtu angedhani kibuyu cha kuimbia kitakwenda kwa filimbi na baragumu. Wao walikiweka upande wa ngoma, kwa sababu kinacholia ni utando.

Agosti 13 ya mwaka huohuo, meli ya Waingereza iitwayo Guendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa ufukweni kwa matengenezo pale Liuli, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen. Vita Kuu ya Kwanza vilifika Ziwa Nyasa siku chache tu baada ya kuanza Ulaya. Askari na wapagazi waliorudi kutoka vita hivyo ndio waliosambaza ngoma za kuiga gwaride, zikiwemo beni na mganda, na ndiyo maana mpaka leo wachezaji wa mganda hupanga mistari, huvaa sare nyeupe na hufuata filimbi ya kiongozi.

Wale wataalamu wawili nao walikuja kupatwa na ya kwao. Sachs alikuwa Myahudi, na mama yake Hornbostel alikuwa Myahudi. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, wote wawili waliondolewa kazini. Hornbostel alikimbilia Marekani, kisha Uingereza, akafariki Cambridge mwaka 1935. Sachs alipitia Paris na kuishia New York.

Nyuma yao alikuwepo mwanafunzi mmoja ambaye njia yake ya uhamishoni ilimleta Afrika Mashariki.

Klaus Wachsmann alizaliwa Berlin mwaka 1907 katika ukoo wenye asili ya Kiyahudi. Aliposomea muziki mjini humo, miongoni mwa walimu wake walikuwa Hornbostel na Sachs, lakini masomo yake yakakatizwa na siasa za ubaguzi wa rangi. Alihamia Fribourg nchini Uswisi, akaandika tasnifu kuhusu nyimbo za kale za Kanisa na kupata shahada ya udaktari mwaka 1935. Kutoka hapo alikwenda London kusoma lugha za Kiafrika, na mwaka 1937 akafika Uganda, ambako miaka ya mwanzo alifanya kazi katika elimu ya shule za misheni.

Fikiria mtu aliyebobea katika nyimbo za watawa wa Ulaya, amefukuzwa kwao, sasa anasikia kwa masikio yake marimba za Buganda. Amadinda ina mbao 12. Wapigaji wawili huketi wakitazamana, mmoja huanza mpigo wake, wa pili huingiza wake katikati ya nafasi alizoacha mwenzake, na wa tatu hushika mbao mbili za mwisho tu. Msikilizaji husikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake. Aliyezoea kuandika muziki kwenye karatasi, mstari mmoja kwa kila mpigaji, hapo hujikuta hana pa kuukamata wimbo wenyewe.

Mwaka 1948 Wachsmann alikabidhiwa Makumbusho ya Uganda, akayasimamia hadi 1957. Kazi aliyoifanya katika miaka hiyo ndiyo inayompa haki ya kukumbukwa. Kati ya 1949 na 1954 alizunguka Uganda akirekodi waimbaji na wapigaji, na nyimbo alizokusanya zilizidi 1,000. Alipima pia jinsi ala zinavyopangwa sauti, na mwaka 1950 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha matokeo ya vipimo vyake vya kinubi cha Kiganda, kiitwacho ennanga. Miaka mitatu baadaye, yeye na Margaret Trowell, mwanzilishi wa shule ya sanaa ya Makerere, walitoa kitabu kikubwa kuhusu kazi za mikono za Uganda. Sehemu ya ala za muziki ilikuwa yake, akiipanga kwa utaratibu wa walimu wake wa Berlin.

Kilichomtofautisha na wakusanyaji wengi wa zama zake ni kwamba hakuridhika kuona ala zikining'inia kabatini. Aliwaleta wapigaji wenyewe ndani ya makumbusho. Mmoja wao alikuwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, aliyekuwa akiwapigia wageni na kuwafundisha. Mwaka 1959, wakati Wachsmann ameshaondoka, kijana wa Kiaustria Gerhard Kubik alifika Kampala na kujifunza amadinda kwa Muyinda. Kubik akaja kuwa mmoja wa watafiti wakubwa wa muziki wa Afrika, na mwalimu wake alikuwa mzee wa Kiganda.

Jengo lenyewe la makumbusho pale Kitante, lililofunguliwa mwaka 1954, lilichorwa na mhamishwa mwingine. Ernst May, msanifu mashuhuri wa Frankfurt, alikuwa Urusi Wanazi walipotwaa Ujerumani, akashindwa kurudi kwao na mwaka 1934 akaja Tanganyika kulima karibu na Arusha kabla ya kuhamia Nairobi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza walimtia kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani. May na Wachsmann, mmoja mwenye ramani na mwingine mwenye ala, waliipa Kampala nyumba ambayo ndani yake muziki ulikuwa ukipigwa.

Wachsmann alirudi London, na mwaka 1961 yeye na Anthony Baines walitoa kwa Kiingereza ule mpangilio wa 1914. Baadaye alifundisha katika vyuo vikuu vya Marekani, akafariki Uingereza mwaka 1984. Mwanawe Philipp, aliyezaliwa Kampala mwaka 1944, ni mpiga fidla anayejulikana Ulaya kwa muziki wa kubuni papo kwa papo.

Mei 1966 majeshi ya serikali ya Milton Obote yalishambulia ikulu ya Kabaka pale Mengo. Kabaka Mutesa alikimbilia uhamishoni London, wanamuziki wa ikulu wakatawanyika, ala nyingi zikaangamia. Kuanzia hapo rekodi za mtu aliyefukuzwa kwao zikawa miongoni mwa mashahidi wachache wa muziki wa watu waliovunjiwa kwao. Zilihifadhiwa London kwa miongo kadhaa, kisha nakala zake zikarudishwa Chuo Kikuu cha Makerere, kwenye hifadhi ya muziki yenye jina la Wachsmann.

Huku kwetu Tanzania, mganda wa wanaume na kioda ya wanawake bado vinachezwa katika vijiji vya Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga. Songea ina Makumbusho ya Majimaji, na kutoka Mbinga hadi hapo ni safari ya lami. Kwa mfano wa Kampala, kuweka kibuyu kimoja ndani ya kioo hakutoshi. Panahitajika fundi anayejua ni utando wa buibui gani unaofaa na unabandikwaje bila kuchanika, mpiga ngoma wa kumsindikiza, na mshahara wa kuwawezesha wote wawili kuketi pale wakati watoto wa shule wanapoingia.