Basi au garimoshi? Mwongozo kwa familia za Makindu zinazokwenda Pwani likizoni

KILA shule zinapofungwa, hususan mwezi Desemba, ukingo wa barabara kuu ya Mombasa mjini Makindu hujaa familia zilizobeba mabegi, vikapu na watoto wanaosinzia. Husubiri basi litokalo Nairobi, ambalo huenda lina viti na huenda halina.

Kwa miaka mingi, hapakuwa na njia nyingine ya maana ya kuwafikisha wazazi na watoto Pwani. Lakini tangu Juni 1, 2017, garimoshi la abiria la Madaraka Express limekuwa likipita katika Kaunti ya Makueni kila siku, na si wachache ambao wamejiuliza iwapo wakati umewadia wa kulipa basi kisogo.

Jibu si jepesi jinsi matangazo yanavyodokeza, kwa sababu moja kuu: garimoshi hilo halisimami Makindu.

Kati ya Nairobi na Mombasa, reli ya kisasa ina stesheni tisa tu za abiria. Ukiondoa zile mbili za mwisho, yaani Syokimau jijini Nairobi na Miritini mjini Mombasa, zinazobaki ni Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Mkazi wa Makindu ana Kibwezi upande wa chini, zaidi ya kilomita 20, na Emali upande wa juu, zaidi ya kilomita 40.

Kwa mji uliokuzwa na reli, hilo ni jambo la kushangaza kidogo. Waingereza walipoanza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896, Makindu ilikuwa miongoni mwa kambi za wafanyakazi na vituo vya vifaa njiani kuelekea Nairobi, ambako reli iliwasili mwaka 1899, kabla ya kufika Kisumu mwaka 1901. Mafundi wa reli hiyo, wengi wao Makalasinga kutoka India, ndio walioacha mjini alama inayojulikana zaidi: hekalu lililojengwa mwaka 1926, ambalo hadi leo humpa msafiri wa dini yoyote chakula na malazi bila malipo.

Garimoshi la zamani, lililotumia njia yenye upana wa mita moja, lilikuwa na stesheni papo hapo mjini. Lilikuwa safari ya usiku. Liliondoka Nairobi jioni na kutarajiwa Mombasa asubuhi, ingawa katika miaka yake ya mwisho, aliyelitarajia asubuhi aghalabu alilipata mchana. Injini zilichakaa, mizigo ikapewa kipaumbele, na abiria mmoja mmoja wakahamia barabarani. Huduma hiyo ilikoma Aprili 2017, mwezi mmoja hivi kabla ya Rais Uhuru Kenyatta kuzindua reli mpya mnamo Mei 31 mwaka huo.

Kwa hivyo, familia ya Makindu inayofikiria garimoshi leo hairudi kwenye usafiri waliouzoea wazee wao. Inajifunza mambo upya, na ni heri iyajue kabla ya kufunga mizigo.

La kwanza ni kwamba si kila garimoshi linalopita linamfaa. Shirika la Reli nchini lina safari za haraka zinazolenga abiria wa Nairobi na Mombasa, na safari ya kaunti kwa kaunti inayosimama katika stesheni ndogo. Ni hii ya pili inayomhusu mtu wa Makindu. Kwa kawaida huondoka Nairobi saa mbili asubuhi na kufika Mombasa mwendo wa saa nane mchana, na nyingine huondoka Mombasa saa mbili asubuhi kuelekea Nairobi. Anayekata tikiti bila kuangalia jina la stesheni huenda akajikuta na kiti katika treni isiyomjali.

La pili ni tikiti yenyewe. Hununuliwa mapema kwa simu au intaneti, na msimu wa sikukuu hakuna mtu mwenye busara anayefika stesheni na watoto watatu akitumaini kupata viti dirishani pa tikiti. Jina na nambari ya kitambulisho vinavyotolewa wakati wa kununua ndivyo vitakavyokaguliwa. Tikiti hiyo haipokezwi shangazi au jirani dakika za mwisho, jinsi ilivyo kawaida katika basi.

Kuhusu nauli, bei ya daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa ilipandishwa kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500 kuanzia Januari 1, 2024, na ile ya daraja la kwanza kutoka Sh3,000 hadi Sh4,500. Shirika la Reli lilitaja kupanda kwa bei ya mafuta, maadamu treni hizo huendeshwa kwa dizeli. Anayepandia Kibwezi hulipa chini ya hapo kwa kuwa safari yake ni fupi.

Mahali ambapo garimoshi linamshinda basi waziwazi ni katika nauli ya watoto. Mtoto wa chini ya umri wa miaka mitatu hasafiri kwa malipo, na wa miaka mitatu hadi 11 hulipiwa nusu. Chukua mfano wa baba, mama na watoto wa umri wa miaka 13, minane na miwili. Hata kama wangetozwa nauli nzima ya kutoka Nairobi, wangelipa Sh5,250 kwenda: wazazi Sh3,000, kifungua mimba Sh1,500, wa pili Sh750, na kitinda mimba bure. Wakipandia Kibwezi, watalipa pungufu ya kiasi hicho.

Katika basi, mambo hutegemea kondakta. Mtoto anayepakatwa huenda asilipe, lakini akitaka kiti, hicho ni kiti cha mtu mzima. Isitoshe, basi litokalo Nairobi likiwa na nafasi moja tu, aghalabu humtoza abiria wa Makindu kana kwamba alipandia jijini. Wiki ya Krismasi nauli hupanda bila tangazo, na mzazi aliyesimama juani tangu asubuhi hana nguvu ya kubishana.

Lakini hesabu haijakamilika mpaka ziongezwe ncha mbili za safari, na hapa ndipo wengi hukosea.

Ncha ya kwanza ni Makindu hadi Kibwezi. Matatu hazikosekani barabarani, lakini mtu mwenye watoto na mizigo anahitaji kuondoka nyumbani mapema kuliko anavyodhani, kisha apate namna ya kutoka stejini hadi stesheni. Ni vyema kufika saa nzima kabla ya garimoshi, kwani milango hufungwa kabla ya muda wa kuondoka na treni haimngoji mtu. Dereva wa basi anaweza kushawishika kusubiri dakika mbili mtoto aende haja. Garimoshi likiondoka, limeondoka na nauli yako. Wanaoishi upande wa Simba, wao huona ni rahisi zaidi kupandia Emali.

Ncha ya pili ni Miritini. Basi humfikisha abiria kisiwani, aghalabu Mwembe Tayari, ambapo matatu za kila upande ziko karibu. Stesheni ya Miritini iko bara, nje ya kisiwa, na familia inayokwenda Bamburi au Mtwapa italazimika kukodi gari au kubadilisha matatu zaidi ya mara moja. Nauli za watu watano za sehemu hiyo peke yake zaweza kula sehemu kubwa ya akiba iliyopatikana kwenye tikiti za watoto.

Wanaokwenda Diani wamepata nafuu ambayo wengi bado hawaijui. Tangu kukamilika kwa barabara ya Dongo Kundu mwaka 2024, gari linaweza kutoka Miritini hadi Kwale bila kuingia kisiwani wala kupanga foleni ya feri ya Likoni. Kwa safari hiyo, Miritini si mbali na njia; ndiyo njia yenyewe. Atakayepitia Likoni kwa miguu ataendelea kuvuka bila malipo, ila kuvuka na mabegi na watoto saa za msongamano ni jambo linalohitaji moyo.

Mizigo nayo ina sheria zake. Familia nyingi hukodi nyumba Pwani na kujipikia ili kupunguza gharama, kwa hivyo hubeba sufuria, unga, pojo na hata mtungi mdogo wa gesi. Utingo wa basi atautia mtungi huo kwenye buti bila swali. Stesheni hautapita, kwani mizigo hukaguliwa kwa mitambo na vitu vinavyoshika moto haviruhusiwi. Kuku hai aliyefungwa miguu kwa ajili ya mwenyeji wa Changamwe vilevile atabaki nje. Unga na pojo hazina shida.

Ndani ya garimoshi, daraja la kawaida lina behewa la viti 118, watu wakitazamana na meza ikiwa katikati. Mpangilio huo huwafaa watu wa nyumba moja, kwa kuwa watoto hukaa mbele ya macho ya wazazi, ingawa anayeketi na mgeni hulalamika kuhusu magoti kugusana. Daraja la kwanza lina viti 72 kwa behewa. Kuna vyoo, na mtoto anaweza kusimama na kunyoosha miguu wakati wowote, jambo ambalo mzazi aliyewahi kusafiri kwa basi na mtoto anayetapika atalithamini kuliko punguzo lolote la nauli.

Kisha kuna Tsavo. Garimoshi la zamani lilipita mbugani usiku, abiria wakiona giza na vivuli vyao kwenye vioo. La kaunti kwa kaunti hupita mchana, juu ya tuta lenye mapito ya wanyama chini yake, na mara nyingi ndovu wekundu kwa vumbi la Tsavo huonekana dirishani. Hakuna anayeweza kuahidi ndovu, lakini kwa mtoto ambaye wazazi wake hawana uwezo wa kumlipia ziara ya mbugani, saa hizo mbili huenda zikawa sehemu bora ya likizo.

Suala lililo zito kuliko yote hayo ni usalama. Barabara ya Mombasa, sehemu kubwa ya urefu wake baada ya kutoka Nairobi, ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, inayogawanywa na magari madogo, mabasi na malori ya kontena. Mwaka 2019, serikali iliagiza mizigo inayoingia nchini isafirishwe kwa reli. Agizo hilo likabatilishwa Septemba 2022 baada ya Rais William Ruto kuapishwa, na wenye mizigo wakawa huru tena kutumia malori. Dereva wa basi anayejaribu kuyapita malori matano yaliyofuatana, hasa usiku, anabeba uamuzi ambao abiria hana sauti ndani yake.

Ni sababu hiyo, kuliko nauli, inayowafanya akina mama wengi kushikilia garimoshi hata pale hesabu inapokaribia kulingana. Na ni vigumu kuwakosoa.

Hata hivyo, basi halijapoteza nafasi yake. Anayesafiri peke yake na begi moja, akielekea kisiwani, hana sababu kubwa ya kwenda kwanza Kibwezi. Aliyepata habari ya ghafla, mathalan msiba au ugonjwa, hawezi kungoja treni moja ya asubuhi. Vivyo hivyo kwa anayeshuka katika vijiji vilivyo kati ya stesheni, kama vile Maungu au Samburu, ambako basi humwacha mlangoni.

Wapo pia wanaochanganya: garimoshi kwenda, wakati watoto bado wana hamu ya kuona kila kitu, na basi kurudi. Sababu ni kwamba treni ya kaunti kwa kaunti ya kurudi huondoka Miritini saa mbili asubuhi, na familia iliyolala Diani au Mtwapa hulazimika kuamka alfajiri, hivyo siku ya mwisho ya likizo kuishia barabarani. Basi la mchana huwapa nafasi ya kuoga baharini kwa mara ya mwisho.

Atakayerudi kwa basi basi na akate tiketi siku kadhaa mapema na kuhakikisha imeandikwa Makindu. Basi la mchana linaloondoka Mombasa kwa kuchelewa huingia Makindu usiku. Ukifika saa za usiku na huna wa kukupokea, ukumbuke kuwa hekalu la Makalasinga liko kando ya barabara hiyo hiyo. Mgeni huvua viatu, hufunika kichwa, na haingii na tumbaku wala pombe.