Kitambaa, Sindano na Jirani: Historia Kutoka Bujumbura

(Muziki unapungua. Msimulizi anaanza.)

Leo tunazungumza juu ya mdoli, yule ambaye vitabu vya shule humwita mwanasesere. Usicheke, na usiseme ni mambo ya watoto. Tutafika Bujumbura, tena katika miaka mibaya.

Kama ulikulia Burundi, Kivu au Kigoma, huenda ulimtengeneza mwenyewe. Majani makavu ya mgomba yanakunjwa, yanafungwa kamba shingoni, kichwa kinatokea. Au gunzi la hindi, na ndevu za hindi zikawa nywele. Kisha mtoto anatafuta kipande cha kitenge na kumbeba mgongoni, kama mama anavyobeba mtoto kwa ingovyi. Kule pwani, Wazaramo walikuwa na mwana hiti, kinyago kidogo cha mti. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani pamoja naye, akamwogesha, akampaka mafuta, akamtunza kama mtoto wake. Hapo unaona kwamba wazee wetu walijua zamani: mdoli humfundisha mtu kushika kitu kwa upole.

Wakimbizi nao walilijua hilo. Mwaka 1914 vita kuu ya kwanza ya dunia ilipoanza, wasanii wengi wa Poland walijikuta Paris bila kazi na bila njia ya kurudi kwao. Mchoraji mmoja, Stefania Łazarska, akafungua karakana ya kushona wanasesere wa kitambaa waliovaa mavazi ya vijiji vya Poland. Helena Paderewska, mke wa mpiga piano mashuhuri Ignacy Jan Paderewski, aliwauza Marekani ili kuwasaidia watu wa Poland walioumizwa na vita. Mchoraji aliyezoea turubai kubwa alikaa akishona sketi ya mdoli yenye urefu wa kiganja. Mimi naona hakukuwa na aibu yoyote hapo. Yule mdoli alivaa nguo za nyumbani ambako mshonaji hakuweza kwenda.

Na kama unadhani Poland ni mbali na sisi, kumbuka vita ya pili. Kuanzia 1942, maelfu ya Wapolandi waliletwa Afrika Mashariki kama wakimbizi: Masindi na Koja huko Uganda, na Tengeru karibu na Arusha, ambako walifika karibu 5,000. Makaburi yao yako Tengeru hadi leo. Ukimbizi haukuanza na wewe wala mimi.

(Muziki mfupi.)

Sasa twende Bujumbura.

Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, miezi michache tu baada ya kuapishwa. Mauaji yakaenea nchini, kisha vita, na inakadiriwa watu wapatao 300,000 walikufa katika miaka iliyofuata. Lakini kwa mtu wa Bujumbura vita ilikuwa pia ramani. Kamenge na Kinama pakawa mahali pa Wahutu. Musaga, Ngagara na Nyakabiga pakawa pa Watutsi. Kulikuwa na siku za kufunga mji, mawe barabarani, na swali moja lililotosha kumtoa mtu jasho: "Unakaa wapi?" Buyenzi, mtaa wa Waswahili wenye barabara za namba, ulibaki na watu mchanganyiko, na wenyeji wake wanajivunia jambo hilo mpaka sasa. Wana haki.

Katika mji huo uliokatwa vipande, mambo mawili yalianza karibu kwa wakati mmoja, yote kupitia shirika la Search for Common Ground. Mwaka 1995 ilianzishwa Studio Ijambo, ambamo waandishi wa habari Wahutu na Watutsi walitengeneza vipindi pamoja. Ijambo kwa Kirundi ni neno, na sisi wa redio tunajua uzito wa jina hilo. Mwaka 1996 kikafunguliwa Kituo cha Wanawake kwa ajili ya Amani, mahali ambapo vyama vya wanawake wa pande zote viliweza kukutana chini ya paa moja.

Chukua mfano wa Musaga na Busoro. Watutsi waliohama walikimbilia Musaga, Wahutu wakakimbilia Busoro. Wanawake wawili, Léonie Barakomeza wa upande mmoja na Yvonne Ryakiye wa upande mwingine, wakaamua kutembeleana. Fikiria ujasiri wa safari hiyo! Hatari ilikuwa kwa waliokuwa ng'ambo, na ilikuwa pia kwa jirani wa upande wako anayekutazama unaporudi. Wakaunda chama, wakakiita Habamahoro, yaani amani iwepo. Mwaka 2005 majina yao yalikuwa kati ya wanawake 1,000 wa dunia nzima waliopendekezwa pamoja kwa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Utaniuliza: mdoli anaingia wapi? Anaingia pale wanawake kama hao wanapokaa chini kwa mara ya kwanza. Huwezi kumwambia mtu aliyefiwa, "Haya, mweleze huyu yaliyokupata." Maneno hayaji kwa amri. Mikono ikiwa na kazi, macho yakiwa kwenye sindano, unaweza kusema jambo bila kutazamwa usoni, na unaweza pia kunyamaza saa nzima bila mtu kuona vibaya. Kikapu nacho hufanya hivyo, na kufuma sweta vilevile. Lakini mdoli ana kitu ambacho kikapu hakina: ana uso. Siku moja mshonaji lazima aamue huyu ni nani. Ni mtoto wa dada? Ni yule aliyebaki njiani? Katika mji ambako watu waliuawa kwa kilichosomwa katika pua na kimo chao, kushona uso ni kazi nzito. Mwingine atauacha bila macho wiki mbili. Mwacheni.

Nasema wazi: mdoli hatibu kila kidonda. Mama asiyelala usiku, au mtoto aliyeacha kabisa kusema, apelekwe kwa wahudumu wa afya ya akili kambini.

Ila wewe uliye kambini, pengine jirani yako wa hema la pili alitoka mtaa ambao zamani usingeukanyaga. Wengine wenu mnajiandaa kurudi, na mtarudi kwa majirani walewale. Mkitaka kuanza, watu sita au wanane wanatosha. Mnahitaji sindano, uzi, mkasi mmoja wa kupokezana, na vipande vya vitenge kutoka kwa fundi cherehani, ambaye huwa anavitupa. Ndani jazeni nguo kuukuu zilizofuliwa na kukaushwa vizuri. Majani hualika wadudu. Msichane chandarua, tafadhali, malaria haina utani. Asiulizwe mtu katoka wapi; akitaka kusema atasema. Wanaume wanaojua sindano waje pia, wako wengi. Na msianze na hesabu ya kuuza: wa kwanza wape watoto wenu, na watoto wasio na wazazi, kisha mfikirie soko.

Macho yashoneni kwa uzi, siyo vifungo, kwa sababu mtoto wa chini ya miaka 3 atakitia mdomoni na kusakamwa. Uso wekeni mwisho, mkiwa mmeshajuana majina.

(Muziki.)