Mashine ya megahezi 1 inayoishinda kompyuta ya gigahezi 2

Hebu tupige hesabu kwanza. Commodore 64 ilianza kuuzwa mwaka 1982 ikiwa na prosesa ya takriban megahezi 1 na kumbukumbu ya kilobaiti 64. Kipakatalishi changu, ambacho si kipya hata kidogo, kinakwenda kwa gigahezi 2 na ushee. Yaani mapigo mara elfu mbili zaidi. Sasa mbona nilipoiwasha Commodore hiyo ndani ya emuleta, yaani programu inayojifanya mashine nyingine, mchezo ulijikokota kama matatu mzee anayepanda mlima, na muziki ukakwaruza kama redio iliyopoteza stesheni? Rafiki yangu alinishauri ninunue kompyuta nyingine. (Pesa angetoa yeye?) Jibu nililipata katika historia ya mashine yenyewe.

Ndani ya Commodore 64 halisi kazi zote zilifanyika kwa pamoja. Prosesa ya 6510 ilipiga hesabu, chipu ya VIC-II ikachora picha, SID ikatoa sauti, na chipu mbili za CIA zikashughulikia kibodi na mambo ya muda. Zote zilifuata mapigo ya saa moja. Katika mashine za Ulaya, zilizotumia mfumo wa televisheni wa PAL, mapigo hayo yalikuwa 985,248 kwa sekunde. Emuleta inazifanya kazi hizo kwa zamu. Ni kama mwigizaji mmoja anayeigiza mfalme, askari na mwizi katika onyesho moja: akimaliza neno la mfalme anakimbia kubadilisha nguo. Na anabadilisha karibu mara milioni moja kwa sekunde.

Kompyuta nyingi za miaka ya 1990 zisingestahimili hayo, kwa hivyo waandishi wa emuleta walipita njia ya mkato: endesha prosesa kwa mapigo 63 ya mstari mzima wa skrini, kisha chora mstari wote kwa mkupuo. Michezo mingi haikulalamika. Tatizo ni kwamba waandaaji programu wa Commodore walikuwa wameshazoea kuhesabu pigo kwa pigo. Walijua kwamba kila mstari wa nane VIC-II huipokonya prosesa njia ya kumbukumbu kwa mapigo 40 hivi, na wakajenga madoido yao juu ya wizi huo. Ukipita mkato, madoido yanavunjika. Ndiyo maana Frodo, emuleta ya Christian Bauer, ilikuwa na toleo la kawaida la mstari kwa mstari na jingine, Frodo SC, la pigo kwa pigo. VICE, ninayoitumia mimi, ina x64sc kwa kazi hiyohiyo. Usahihi unalipiwa kwa prosesa.

Bili kubwa zaidi inatoka kwa SID. Aliyeibuni ni Bob Yannes wa MOS Technology, kampuni iliyonunuliwa na Commodore mwaka 1976. Alikuwa mpenzi wa sintesaiza, na akaipa chipu yake sauti tatu pamoja na kichujio cha analogi. Programu ya reSID, ya Dag Lem, inapiga hesabu ya chipu hiyo pigo kwa pigo, kisha inapunguza yale mapigo 985,248 hadi sampuli 44,100 kwa sekunde ambazo kadi ya sauti inazitaka. Ukichukua tu moja katika kila 22 na kutupa nyingine, sauti nyembamba zinarudi zikiwa noti za uongo ambazo mtunzi hakuziandika. Kupunguza kwa uangalifu kunataka hesabu nyingi sana.

Hapo ndipo nilipolikuta kosa langu la kwanza. Kiashiria cha kasi kilisoma asilimia 70, nami nilikuwa natumia betri, huku kipakatalishi kikiibania prosesa ili kuokoa umeme. Nikachomeka chaja: asilimia 100 papo hapo. Lakini mikwaruzo ikabaki!

Hii ya pili ndiyo iliyonifurahisha. Emuleta haimimini sauti moja kwa moja kwenye spika, inajaza bafa. Lifikirie tangi la maji juu ya paa. Mfereji wa kanjo unakuja kwa vipindi, lakini bomba la jikoni halitakiwi kukatika. Tangi likikauka hata kwa milisekunde chache, unasikia mkwaruzo. Mimi nilikuwa nimelipunguza hadi milisekunde 20 ili sauti isichelewe nikibonyeza kitufe. Kila kompyuta iliposhughulika na jambo jingine kidogo, tangi lilikauka.

Na hata tangi kubwa halitoshi hesabu ikiwa mbaya. Picha moja ya PAL ni mapigo 19,656, kwa hivyo picha ni 50.12 kwa sekunde, na kila picha inahitaji sampuli 879.81. Si nambari kamili! Mwandishi wa programu akitoa 879 kila mara, bafa ya milisekunde 100 itakauka baada ya sekunde 109 hivi. Akitoa 880, baada ya saa moja sauti itakuwa nyuma ya picha kwa robo tatu ya sekunde. Ongeza skrini ya kisasa inayochora mara 60 kwa sekunde: emuleta ikiifuata kikamilifu, muziki unakwenda kasi kwa karibu asilimia 20. Mashine ya 1982 ilikuwa na saa moja. Yangu ina ya skrini, ya kadi ya sauti na ya prosesa, na hazielewani.

Kabla sijaongeza bafa nilijaribu kubadilisha modeli ya SID kutoka 6581 hadi 8580 ya baadaye. Sikuendelea nayo. Ile 6581 ina kasoro: ukibadilisha rejista ya sauti kuu, inatoa mlio mdogo. Watu waliipanga milio hiyo kwa ngazi 16 wakapata maneno ya binadamu, kama katika mchezo wa Ghostbusters wa 1984. Kwenye 8580 kasoro ilipunguzwa, na maneno hayo yakafifia.

Commodore ilifilisika mwaka 1994, na SID halisi zilizobaki zinaungua moja baada ya nyingine. Mkusanyo wa High Voltage SID Collection, ulioanza 1996, una nyimbo zaidi ya 50,000, lakini mafaili yake hayana sauti iliyorekodiwa. Yana maagizo ya prosesa tu. Atakachosikia mtu asiye na chipu ni kile emuleta yake itakachompa, kulingana na mipangilio aliyoichagua ili mikwaruzo imwondokee.

Yangu sasa iko hivi: x64sc, 6581, bafa milisekunde 80, chaja ukutani. Picha bado inarukaruka kidogo kwenye skrini ya 60, nami nimeiacha.