Kuanza na Walio Hai: Kozi za Ugenini na Historia ya Watu Asilia wa Meksiko

Ratiba iliyozoeleka ya kozi inayowapeleka wanafunzi wa vyuo vikuu Meksiko kusoma historia ya watu asilia huanzia Jiji la Meksiko, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia. Kesho yake ni piramidi za Teotihuacan. Halafu basi la kuelekea Oaxaca, magofu ya Monte Albán, na mwishoni, muda ukiruhusu, saa chache katika kijiji cha wafumaji. Mpangilio huo unaonekana kuwa na mantiki: ya kale yatangulie, ya leo yafuate. Nashikilia kwamba umekaa kichwa chini. Kozi ikianza na watu walio hai na taasisi zao, kisha ikarudi nyuma hadi kwenye mawe, itamfundisha mwanafunzi historia iliyo sahihi zaidi. Ninachotetea hapa si adabu ya mgeni tu, ingawa nayo ina uzito wake. Ni suala la maarifa.

Tulitazame kwanza jengo lenyewe. Makumbusho hayo yalifunguliwa Septemba 1964, kazi ya msanifu majengo Pedro Ramírez Vázquez, na uzuri wake haupingiki. Sakafu ya chini ni ya akiolojia: Teotihuacan, Watolteki, Wamaya, watu wa Oaxaca, na mkabala na lango, kwenye kina cha ua, ukumbi wa Waazteki wenye Jiwe la Jua. Ghorofa ya juu imetengwa kwa etnografia, yaani nguo, nyumba na sherehe za wajukuu wa hao waliochonga mawe ya chini. Mwanafunzi aliyepewa asubuhi moja humaliza nguvu zake kabla hajafika kwenye ngazi. Mwaka 1970 mshairi Octavio Paz aliukosoa mpangilio huu kwa kuifanya dola ya Waazteki kuwa kilele cha historia yote ya nchi, na hivyo kuyavika madaraka ya serikali ya leo utakatifu wa kale. Mwanaanthropolojia Guillermo Bonfil Batalla akaisogeza hoja mbele mwaka 1987 katika kitabu chake *México profundo*: ustaarabu wa Mesoamerika haujafa, unaendelea kuishi mashambani na mitaani, ila taifa rasmi limechagua kutouona. Kozi ya kigeni inayofuata njia ya makumbusho hurithi uchaguzi huo bila kujua.

Nje ya makumbusho, kando ya barabara ya Reforma, limesimama jiwe kubwa linalofahamika kama Tlaloc, mungu wa mvua, lenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 168. Wageni hupiga picha mbele yake wakisubiri lango lifunguliwe. Jiwe hilo lilitoka San Miguel Coatlinchan, kijiji cha upande wa Texcoco, lilikokuwa limelala chali kwenye korongo kwa karne nyingi. Trela la matairi mengi lilipofika kulichukua, wanakijiji walitoa upepo kwenye matairi na kukata nyaya za chuma zilizolishikilia jiwe. Serikali ikaleta wanajeshi. Aprili 1964 jiwe likaondoka, na kwa upande wake kijiji kikapata shule, zahanati na barabara. Mwaka 2007 nakala yake ilisimikwa katikati ya kijiji, na mwaka 2013 mwanaanthropolojia Sandra Rozental pamoja na mtengenezaji filamu Jesse Lerner walitoa filamu kuhusu jiwe hilo lisilokuwepo. Mwanafunzi anayekutana na Tlaloc barabarani hujifunza jina la mungu. Anayeanzia Coatlinchan hujifunza jinsi urithi wa taifa unavyotengenezwa, nani huupoteza na kwa bei gani. Maswali hayo atakwenda nayo mpaka ndani ya kumbi, na kila lebo ataisoma kwa jicho jingine.

Kuna mahali ambapo mambo yalikwenda kinyume na Coatlinchan. Santa Ana del Valle ni kijiji cha Wazapoteki katika bonde la Tlacolula, mashariki ya mji wa Oaxaca. Mwaka 1985 wanakijiji walikuwa wakichimba uwanja wao katika tekio, ile kazi ya pamoja isiyo na malipo inayofanana na msaragambo wetu, walipokuta mabaki ya kale. Mkutano mkuu wa kijiji ukaamua kwamba vitu visiondoke. Mwaka 1986, kwa makubaliano na Taasisi ya Taifa ya Anthropolojia na Historia, wakafungua makumbusho yao ya Shan-Dany. Ndani yake mna vitu vya kaburini, lakini mna pia historia ya Mapinduzi ya Meksiko kama yalivyopita kijijini hapo, ufumaji, na Ngoma ya Manyoya. Mambo haya yote ni historia moja, ya watu wamoja. Kamati inayoyaendesha makumbusho huteuliwa na mkutano mkuu, na mjumbe hutumikia zamu yake kama mwingine anavyotumikia zamu ya kusimamia maji au kanisa. Miaka michache baadaye vijiji vingine vya Oaxaca vikafuata na kuunda umoja wa makumbusho ya jamii.

Kwa mwanahistoria, kamati hiyo ina thamani kuliko vyungu vinavyolindwa nayo. Jimbo la Oaxaca lina manispaa 570, na zaidi ya 400 kati yake huchagua viongozi kwa taratibu za kimila, mkutanoni, bila vyama vya siasa. Sheria ya jimbo ilizitambua mwaka 1995. Taratibu hizo si masalia yaliyoganda. Zimechanganyika na baraza la manispaa la Kihispania, na udugu wa Kikatoliki wa karne ya 16 na 17, na mgawo wa ardhi uliofuata Mapinduzi. Anayekaa mkutanoni jioni nzima, hata kama anatafsiriwa, anaona tabaka tatu au nne za historia zikifanya kazi kwa pamoja.

Uzi wa sufu nao una historia ya kusimulia. Mfumaji wa kijiji cha Teotitlán del Valle huwakwangua wadudu wa kochinili kwenye majani ya mpungate, huwakausha, kisha huwasaga kwenye jiwe. Unga huo ukiingia kwenye maji ya moto hutoa wekundu uliokolea. Akikamua ndimu, rangi huelekea kuwa ya machungwa. Chini ya ukoloni wa Hispania, kochinili ilikuwa ya pili kwa thamani, baada ya madini ya fedha, kati ya bidhaa zilizopelekwa Ulaya kutoka Meksiko. Maofisa wa mfalme waliwakopesha wanavijiji pesa na kudai wadudu msimu ulipofika, na deni hilo liliwafunga watu kwa vizazi. Rangi za viwandani za karne ya 19 zikaja kuiangusha biashara. Hakuna mhadhara juu ya uchumi wa kikoloni unaoshika kama ule unaotolewa mbele ya sufuria hiyo, mradi mwalimu asiliachie somo liishie kwenye rangi.

Kisha ndipo Monte Albán. Mji huo wa mlimani ulioanzishwa takribani mwaka 500 kabla ya Kristo una mawe yaliyochongwa miili iliyopinda, macho yamefumba. Watazamaji wa awali waliwaita wacheza ngoma, na jina likabaki. Wataalamu wengi leo wanaona mateka waliouawa. Mwaka 1932 mwanaakiolojia Alfonso Caso alifungua Kaburi namba 7 na kukuta dhahabu na vito vya Wamisteki ndani ya kaburi la kale zaidi la Wazapoteki. Mwanafunzi aliyetoka Santa Ana hatashangaa kwamba mahali pa wafu pamerudiwa na kutumiwa upya na watu wengine. Ameshaona jamii ikijichagulia ya kale iyatakayo.

Njia ya magofu ina upofu mwingine usiotajwa sana. Pwani ya Costa Chica, jirani kabisa na Wamisteki na Waamuzgo, wanaishi Wameksiko wenye asili ya Afrika, wazao wa watumwa walioletwa na Wahispania. Mwanaanthropolojia Gonzalo Aguirre Beltrán aliandika historia yao mwaka 1946, lakini katiba iliwatambua mwaka 2019 tu. Hawakuacha piramidi. Kozi inayopimwa kwa piramidi haina njia ya kufika kwao, na bila wao uhusiano wa ardhi, biashara na ndoa katika pwani ile haueleweki.

Suala la lugha ni gumu zaidi, na hapa kozi nyingi hujidanganya. Orodha rasmi ya mwaka 2008 inataja makundi 68 ya lugha asilia yenye lahaja 364, na sensa ya 2020 ilihesabu wazungumzaji zaidi ya milioni saba. Hata hivyo mtaala wa kawaida hufundisha Kihispania pekee, kana kwamba Kizapoteki na Kinahuatl ni mada za kusomwa na wala si lugha za kusomea. Kwamba inawezekana kufanya vingine kumethibitishwa Zacatecas, ambako taasisi ya IDIEZ imewafundisha wanafunzi wa kigeni Kinahuatl kwa Kinahuatl, walimu wakiwa wazawa wa eneo la Huasteca. Majuma machache hayamfanyi mtu mjuzi. Yanatosha kumketisha mahali pa mwanafunzi, mbele ya mwalimu ambaye katika kozi ya kawaida angeitwa mtoa taarifa.

Lipo pingamizi zito: kuanza na walio hai huzaa mapenzi ya upofu kwa kijiji. Mwanaanthropolojia Robert Redfield alikaa Tepoztlán, Morelos, mwaka 1926 na 1927, na kitabu chake cha 1930 kikaonyesha jamii tulivu yenye maelewano. Mwanaanthropolojia mwenzake Oscar Lewis akaenda hapo hapo miaka ya 1940 na kuandika, mwaka 1951, juu ya ufukara, ugomvi wa ardhi na hofu baina ya majirani. Kama mtaalamu mwenye miezi kadhaa aliona nusu, atanusurikaje mwanafunzi mwenye majuma sita? Nakubali hatari hiyo, lakini dawa yake si kukimbilia magofuni, ambako hakuna anayembishia mtu. Dawa ni kusikiliza wanajamii wakibishana wenyewe. Mwaka 2007 Eufrosina Cruz aligombea umeya wa Santa María Quiegolani na kura zake zikafutwa kwa sababu ni mwanamke. Alipambana hadi akaingia kwenye bunge la jimbo. Yeye pia ni mtu asilia wa Oaxaca, na hoja yake dhidi ya mkutano wa wanaume ni sehemu ya historia hiyo kama ulivyo mkutano wenyewe.

Pingamizi la pili linatuhusu kwa karibu. Mwaka 1968, huko Cuernavaca, mwanafikra Ivan Illich aliwaambia vijana wa Marekani waliokuja kujitolea waache kusaidia. Waje kutazama na kusoma, si zaidi. Hata kusoma kuna gharama kwa anayesomwa. Zanzibar na Arusha wanalijua hilo, kwa kuwa kila mwaka hupokea wageni waliokuja kujifunza Kiswahili: kuna mama anayepika kwa ajili ya mgeni, kijana anayemsindikiza sokoni, mzee anayeulizwa maswali yale yale na kila kundi jipya. Mara nyingi jina la mwalimu wa chuo huwa kwenye cheti, na la mama huyo halipo popote. Msomaji wa Afrika Mashariki ana uzoefu wa upande wa mwenyeji, na anastahili kuuleta katika mjadala huu kwa sauti ya juu.

Kwa hiyo masharti yawe ya wazi tangu chuo kinapoandika bajeti. Wazee na wafumaji wanaofundisha walipwe kwa kiwango cha wahadhiri wa muda, si posho ya hisani. Mkutano mkuu uamue idadi ya wanafunzi na msimu wa kuja, na uwe na haki ya kusema mwaka huu hapana. Mavuno na zamu za utumishi vina kalenda yake. Kazi ya mwisho ya mwanafunzi isomwe mbele ya kamati ya makumbusho ya kijiji kabla profesa hajaipa alama, na nakala ibaki pale kwa lugha wanayoisoma. Chuo kisichoweza kukubali hilo kiendelee na safari za magofu, lakini kisiwaandikie wanafunzi kwenye vyeti kwamba wamesoma historia ya watu asilia.