Mwendo wa DNA katika elektroforesisi ya jeli

Elektroforesisi ya jeli ni njia ya maabara ya kutenganisha vipande vya DNA kufuatana na urefu wake, kwa kuvivuta kwa umeme ndani ya jeli yenye matundu madogo sana. Hutumika katika utafiti wa magonjwa, kilimo na uchunguzi wa jinai. Nchini Tanzania imetumika sana katika utafiti wa malaria.

Jinsi inavyofanyika

Jeli hutengenezwa kwa agarosi, unga unaotokana na aina fulani za mwani mwekundu. Unga huchemshwa katika maji yenye chumvi maalumu, kisha humiminwa kwenye trei na kuachwa ugande. Upande mmja wa jeli huachwa vishimo vidogo ambamo sampuli za DNA hutiwa.

Kila fosfeti katika uti wa mgongo wa DNA ina chaji hasi. Kwa hiyo umeme unapowashwa, DNA huelekea upande wa chanya. Baadaye jeli hutiwa rangi inayong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno, na vipande vya urefu mmoja huonekana kama mstari. Urefu wake hukadiriwa kwa kulinganishwa na vipande ambavyo urefu wake unajulikana.

Kwa nini vipande vifupi hutangulia

DNA ndefu ina chaji nyingi zaidi, lakini pia hupata msuguano mkubwa zaidi kwa kiwango kilekile. Ndiyo sababu katika maji matupu vipande virefu na vifupi huenda kwa kasi karibu sawa. Jeli ndiyo inayovitenganisha.

Molekuli ya DNA ikiachwa huru hujikunja kama bonge la uzi. Bonge likiwa dogo kuliko matundu ya jeli, hupita kwa urahisi. Kadiri linavyokuwa kubwa ndivyo linavyozuiwa. Bonge likizidi ukubwa wa matundu, molekuli hulazimika kujinyoosha na kupenya kichwa kwanza, kama nyoka apitaye kwenye majani mazito. Nadharia ya mwendo huu ilitolewa mwaka 1971 na mwanafizikia Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes kwa ajili ya molekuli ndefu kwa jumla, na mwaka 1982 wataalamu wengine waliitumia kueleza DNA ndani ya jeli.

Kunyooka na kunasa

Mwaka 1989 watafiti walifaulu kutazama kwa hadubini molekuli mojamoja zikisafiri ndani ya jeli. Waliona kwamba mwendo si laini. Molekuli ndefu hunasa kwenye uzi wa jeli, na ncha zake mbili huvutwa mbele kila moja upande wake, kama kamba ya katani iliyopitishwa nyuma ya nguzo. Ncha ndefu hushinda, kamba huteleza na kuachia, kisha molekuli hujikunyata tena kabla ya kunasa mahali pengine.

DNA ya kirusi kiitwacho lamda, yenye jozi za besi 48,502, ikinyooshwa hufikia takriban mikromita 16.5. Molekuli kubwa kama hizi zikishanyooka kuelekea upande wa umeme, zote huenda kwa kasi karibu ileile na hazitenganishwi tena. Mwaka 1984 David Schwartz na Charles Cantor walieleza suluhisho: kubadilisha mwelekeo wa umeme mara kwa mara. Molekuli ndefu huchukua muda mrefu zaidi kugeuka, hivyo hubaki nyuma. Njia hiyo iliwezesha kutenganisha kromosomu za kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, ambacho kina kromosomu 14.

Matumizi katika utafiti wa malaria

Wilaya za Korogwe na Handeni ziko katika Mkoa wa Tanga. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ina kituo Korogwe. Pamoja na Bagamoyo, Korogwe ilikuwa moja ya sehemu mbili za Tanzania zilizoshiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya miaka 2009 na 2014.

Katika maeneo yenye malaria kama haya, mgonjwa aliyetibiwa anaweza kuonekana na vimelea tena baada ya wiki chache. Huenda dawa imeshindwa, au ameumwa na mbu mwingine. Ili kujua, jeni za vimelea ambazo urefu wake hutofautiana, kama msp1 na msp2, hunakiliwa kwa njia ya PCR na kupitishwa kwenye jeli. Mistari ya kabla na baada ya tiba ikilingana, yaelekea vimelea vilevile vimerudi. Ikitofautiana yote, ni maambukizi mapya. Mistari iliyokaribiana sana ikisomwa vibaya, dawa nzuri inaweza kuhesabiwa kuwa imeshindwa, au dawa iliyoshindwa ikaonekana bado nzuri.

Mbu pia hutambuliwa hivyo. Anopheles gambiae na Anopheles arabiensis hawatofautiani kwa macho, lakini katika kipimo cha kawaida cha PCR wa kwanza hutoa kipande cha jozi za besi 390 na wa pili 315. Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu arabiensis huuma zaidi nje ya nyumba na hupenda pia damu ya ng'ombe, hivyo vyandarua peke yake humzuia kwa kiasi kidogo zaidi.